Baraza la Jumamosi: Jinsi ya Kuanzisha Mkusanyiko wa Bure kwa Vijana Wanaoishi Peke Yao Mjini

Kijana anayehamia Dar es Salaam kutafuta kazi au kusoma kwa kawaida hupata chumba kabla hajapata mtu. Hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hununua godoro na jiko dogo la gesi, kisha siku za kazi humpita akiwa kwenye daladala, dukani au kiwandani, amezungukwa na watu tangu alfajiri. Ni Jumamosi mchana, nguo zikishafuliwa na kuanikwa, ndipo anapotambua kwamba tangu jana jioni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kwa hiyo upweke wa kijana huyo hautokani na uhaba wa watu. Unatokana na kukosa mahali ambapo asipofika, ataulizwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuanzisha mahali hapo katika mtaa wake, awe mwalimu, kiongozi wa dini, mama mwenye nyumba za kupangisha, au kijana ambaye mwenyewe amechoka kukaa peke yake. Ninayoyaandika nimeyaona Temeke, ambako mimi na wenzangu watano tumeendesha baraza la kila Jumamosi kwa miaka minne, na baadhi yake tuliyajifunza baada ya kukosea.

Neno moja kwanza kwa wale watakaokwambia kwamba upweke ni tatizo la Ulaya na kwamba sisi tuna ndugu na majirani. Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake mwezi Juni 2025, ikaeleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 13 hadi 29 wanaojisikia wapweke ni kati ya asilimia 17 na 21, na kwamba katika nchi za kipato cha chini takriban asilimia 24 ya watu wote hujisikia hivyo, ilhali katika nchi za kipato cha juu ni karibu asilimia 11. Takwimu hizi ziweke mfukoni siku utakapokwenda kuomba kibali, kwa sababu kuna ofisa atakayekuuliza kama kweli hili ni jambo la kushughulikiwa.

Kabla hujaanzisha, tazama kilichopo

Tembea mtaani kwako kwa wiki mbili ukiuliza. Huenda kuna klabu ya jogging inayokimbia Jumamosi alfajiri, kwaya, timu ya mpira wa miguu au ya netiboli, kijiwe cha kahawa chenye bao na drafti, au jumuiya ndogo ndogo ya kanisa. Mara nyingi kijana mpweke anavijua vyote hivyo na bado haendi, kwa kuwa kila mmoja pale tayari anafahamiana na mwenzake na yeye haoni pa kuingilia. Ikiwa ndivyo, kazi yako inaweza kuwa ndogo kuliko ulivyodhani: mshike mkono, mpeleke mara ya kwanza, kaa naye, na mpeleke tena mara ya pili. Anzisha baraza jipya pale tu unapoona kuna vijana ambao hakuna kilichopo kinachowafaa. Kwetu walikuwa wasichana waliotoka kazi za ndani na kuanza kujitegemea, wavulana wasiocheza mpira, na wale ambao dini yao au kabila lao halikuwa na watu wengi mtaani.

Watu wachache, mara nyingi

Sisi tulianza vibaya. Tulikodi ukumbi na spika kubwa, tukaalika mzungumzaji wa kuwaeleza vijana namna ya kujiamini, tukanunua soda, na watu zaidi ya 70 wakaja. Walikaa kwa mistari wakitazama mbele, wakapiga makofi, wakaondoka bila kujuana majina, na wachache wakabaki mlangoni wakiuliza posho. Wiki mbili baadaye, tulipoitisha mkutano wa kawaida bila soda, walifika 9. Kwa muda mrefu niliwalaumu vijana, na sasa naona kwamba kosa lilikuwa letu, kwa sababu mtu mpweke akipelekwa kwenye umati hurudi nyumbani akiwa na uhakika zaidi kwamba hana mtu.

Urafiki unahitaji saa nyingi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kwamba huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Baraza la saa 2 kila wiki huwapa watu kama saa 100 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba yule atakayehudhuria kila wiki atafikia saa 50 baada ya nusu mwaka, na atakaribia kuwa na rafiki wa kweli mwaka ukiisha, iwapo sura anazozikuta ni zilezile. Kwa hiyo usipange tukio, panga mwaka mzima: siku ileile, saa ileile, mahali palepale, hata wiki ambayo watafika wanne. Idadi inayofaa ni kati ya 8 na 25. Mkizidi hapo, mgawanyike mara mbili, kila kundi na siku yake.

Mahali, saa na kibali

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa na umwone pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukieleza mtafanya nini, lini, kwa saa ngapi, watu wangapi, na nani anawajibika. Omba ua wa ofisi ya mtaa, darasa la shule ya msingi wakati wa mapumziko, au baraza la jengo lolote la umma. Pawe na kivuli, choo safi chenye mlango unaofungwa, na paonekane na wapita njia, kwa kuwa msichana mgeni hataingia mahali palipojificha, na ana haki. Epuka baa, na kama unataka watu wa dini zote, epuka pia ukumbi wa nyumba ya ibada hata ukitolewa kwa moyo mweupe.

Sisi hukutana Jumamosi kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni, tukamaliza kabla giza halijaingia. Saa hiyo haigongani na swala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili, lakini mtaa wenye Wasabato wengi utafaa zaidi kukutana Jumapili alasiri. Swali hili waulize vijana wenyewe, pamoja na lile la zamu, maana walinzi na wahudumu wa hoteli hawana wikendi.

Maana ya bure

Ukisema bure, iwe bure kweli. Pasiwe na ada, wala fulana ya kununua, wala kikapu cha mchango wa hiari kinachopitishwa mbele ya watu, kwa sababu mchango unaoonekana si wa hiari. Kijana asiye na shilingi 500 hatasema hana, ila wiki ijayo hatatokea. Kumbuka pia nauli na bando: chagua mahali ambapo wengi watafika kwa miguu, na taarifa zitumwe kwa ujumbe wa kawaida wa simu pamoja na kundi la WhatsApp, kwa kuwa si kila mmoja ana simu janja. Gharama yetu yote kwa wiki ni majani ya chai, sukari, tangawizi na mkaa. Birika la lita 5 linatosha watu 20 au zaidi. Anayetaka kuleta sukari huiweka jikoni kimyakimya, na hatutangazi jina lake.

Bure ina upande wake wa pili: pasiwe na posho wala nauli ya kurudishiwa. Siku utakapolipa watu waje, hutajua tena nani alikuja kwa ajili ya wenzake.

Hapa kuna jambo linalohitaji msimamo. Ofisa maendeleo ya jamii, kwa nia njema kabisa, atakushauri msajiliwe kama kikundi ili mpate mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imewainua watu, na wanaoitaka waunde kikundi chao, chenye siku yake na daftari lake. Baraza lenyewe lisiguse fedha. Watu wakishadaiana, aliyechelewesha rejesho huona haya kuonekana, na anayetoweka kwanza ni yuleyule aliyekuwa hana pengine pa kwenda. Nimeona mabaraza mawili yakifa kwa namna hiyo, na yote mawili yalikuwa na viongozi waaminifu.

Alasiri yenyewe

Wenyeji wawili, mwanamume na mwanamke, wafike nusu saa kabla, watandike mikeka na kubandika birika. Mmoja akae karibu na mlango na kazi yake iwe moja tu, kupokea. Amsalimie anayeingia, amuulize jina, alirudie kwa sauti ili alishike, kisha ampeleke kwa mtu mwingine na kuwatambulisha. Asimuulize anafanya kazi gani. Swali hilo linaonekana la heshima, lakini kwa kijana ambaye miezi mitano anazunguka na bahasha ya vyeti ni kama kuulizwa mbele ya watu kwa nini ameshindwa. Muulize anakaa upande gani wa mtaa, au kwao ni wapi. Wala usiwakalishe watu duara ili kila mmoja ajieleze, kwani kwa mtu mwenye aibu, kungoja zamu yake ni mateso, na hasikii hata neno moja la waliomtangulia.

Badala ya mazungumzo yaliyopangwa, weka kazi ya mikono. Tumejaribu kumenya viazi, kushona mipira iliyochanika, kukarabati viti vya shule, na bao, na kinachofanya vizuri kuliko vyote ni kuchambua maharage ambayo baadaye hupikwa na kuliwa pamoja. Sinia moja huwekwa kati ya watu wawili au watatu. Macho yanashuka kwenye sinia, vidole vinatafuta vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu, na ukimya hauwi mzito kwa sababu kila mmoja ana la kufanya. Nakumbuka kijana aliyetoka Kasulu, ambaye kwa Jumamosi tatu alikuwa hajasema zaidi ya shikamoo na ahsante. Siku hiyo aliokota punje moja yenye madoa mekundu, akaigeuza kidoleni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao maharage haya yana jina jingine. Dada aliyekaa naye akamuuliza jina hilo ni lipi. Akalitaja, dada akashindwa kulitamka, akajaribu tena, na kijana akacheka. Walipomaliza sinia lile nilikuwa nimekwisha kusikia habari za shamba la mama yake, za mdogo wake anayesoma kidato cha pili, na za basi lililowalaza njiani. Hakuna mzungumzaji wa kualikwa angeyatoa hayo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tumeifanya kanuni. Anayekuja mara ya kwanza na ya pili ni mgeni, anapewa chai na hadaiwi lolote. Mara ya tatu anapewa kazi iliyo yake: kushika birika, kukunja mikeka, kuandika majina, kutunza ufunguo wa stoo. Iwe kazi ya kweli, ambayo asipokuja itaonekana kwamba haikufanyika. Kupewa chai kila wiki humfanya mtu ajisikie anahurumiwa, ilhali mwenye ufunguo wa stoo anajua kwamba wenzake hawawezi kuanza kabla hajafika, na hilo humtoa chumbani hata siku ambayo hana hamu ya kuona watu.

Daftari la mahudhurio

Ungeniambia nichague jambo moja tu katika yote haya, ningechagua daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, lenye majina upande wa kushoto na tarehe juu, na halikusudiwi kuonyeshwa kwa mfadhili. Linatumika Jumapili asubuhi, wenyeji wanapolipitia kuona nani hakuwapo.

Mwaka 2011 Christopher Masi na wenzake walichambua tafiti nyingi kuhusu njia za kupunguza upweke, wakakuta kwamba njia zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizomsaidia mtu kurekebisha namna anavyowatafsiri wengine, kuliko zile zilizomkutanisha tu na watu. Aliyekaa na upweke muda mrefu hutegemea kukataliwa. Asipopigiwa simu huona ni ushahidi, asipoitwa kwa jina huona ni ushahidi, na polepole hujiondoa kabla hajaondolewa. Kumwambia kwamba anapendwa hakusaidii sana, lakini kumtafuta Jumapili kwa sababu Jumamosi hakuonekana ni hoja asiyoweza kuipinga kirahisi.

Utaratibu wetu ni huu. Akikosekana mara moja, anatumiwa ujumbe. Akikosekana mara mbili mfululizo, anapigiwa simu na mtu anayemjua, si kiongozi. Mara ya tatu, watu wawili wanakwenda kubisha hodi, mradi tu siku alipojiandikisha alikubali kutembelewa, maana wapo wasiotaka mwenye nyumba ajue mambo yao. Maneno yachaguliwe vizuri. Usimuulize mbona ametoroka, wala usimpe lawama kwa mzaha. Mwambie kilichopungua: Jumamosi birika lilikosa mtu wa kulishika, tukaunguza chai.

Tulipokwenda kwa kijana mmoja baada ya wiki tatu, tulimkuta ameketi kizingitini akiwa amevaa viatu, kama mtu aliyekusudia kutoka akaghairi. Alikuwa amepoteza kibarua, ameuza simu ili alipe kodi, na jumbe zetu zote zilikuwa zimekwenda kwenye simu ya mtu mwingine. Alidhani hatukutambua kwamba hayupo. Hatukuwa na kazi ya kumpa, na tulimwambia hivyo, tukakaa naye pale kizingitini mpaka magharibi. Jumamosi iliyofuata alifika saa 9 na nusu, kabla ya wenyeji.

Kuwalinda wanaokuja

Palipo na vijana wapweke hufika pia wanaowawinda, na usipoweka kanuni mapema utalazimika kuziweka baada ya mtu kuumizwa. Baraza letu hupokea wenye miaka 18 na kuendelea. Hakuna kuuza wala kuandikisha watu kwenye biashara za mtandao zinazoahidi utajiri wa haraka, hakuna kampeni za chama, hakuna kuvutana kidini. Anayemsumbua msichana kwa maneno au kwa simu huonywa faraghani mara moja tu, na ya pili haruhusiwi kurudi, hata kama ndiye aliyetupatia mikeka. Wakati wa kuondoka watu hutoka kwa makundi kufuata njia zao. Picha za nyuso hazitumwi mtandaoni, kwa kuwa hakuna anayependa bosi wake au shangazi yake amwone kwenye tangazo la watu wasio na marafiki. Kwa sababu hiyohiyo, neno upweke lisiwemo katika jina la baraza. Sisi tunaitwa Jumamosi, basi.

Upweke na sonona hukaa jirani, na ni lazima wenyeji wajue mpaka wao. Mtu anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, aliyeacha kula na kuoga, anayegawa vitu vyake au anayesema afadhali asingekuwepo, anahitaji zaidi ya chai. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, na ufuatane naye hadi kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukae naye kwenye foleni. Jina na simu ya ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri viwe vimeandikwa kwenye jalada la daftari kabla havijahitajika.

Hilo halina maana kwamba asiye daktari hafai kusikiliza. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 namna ya kuketi na watu wenye mawazo mazito kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi wale walikuwa na mafunzo, na walikuwa na zahanati nyuma ya benchi. Mwombe mganga mfawidhi wa zahanati ya karibu awape wenyeji wako angalau alasiri moja ya mafunzo, kisha mwaka unaofuata mwombe tena, kwa sababu wenyeji hubadilika.

Na ni vizuri wabadilike. Kila Januari tunakabidhi ufunguo na daftari kwa watu wawili ambao walikuja kama wageni, na waliotangulia wanabaki mikekani kama wengine. Mwaka huu daftari linashikwa na kijana wa Kasulu. Msimu wa masika ulipoanza aliomba kibali cha kuhamia varanda ya shule, akapima kwa hatua zake akaona inatosha mikeka sita, na siku ya mvua kubwa, tulipofika watano tu, aliandika majina matano na tarehe, akabandika birika.